Viapo Kumi na Viwili vya Nedilja

Wiki ile kondoo walikuwa wamekatwa manyoya, kwa hiyo karibu nusu ya wanawake wa mji wa Podvrh walikuwa chemchemini wakiosha sufu, na wote waliona. Hilo lijulikane tangu mwanzo, maana baadaye yalisemwa mengi: mara jua lilikuwa machoni, mara mtu alikuwa ameinama, mara mtoto alikuwa analia. Waliona. Berislav, mnyapara wa bwana mwenye ngome, alishuka ile njia ya mawe, akapita katikati ya vikapu vya sufu, akamfikia Nedilja mjane wa Grgur. Akaushika ushungi wake kwa mkono wa kulia, akauvuta mpaka pini ikaruka, akautupa topeni.

"Siku nyingine ukimvunja mguu nguruwe wa bwana," alisema, "nitavua na kinachofuata."

Nguruwe mwenyewe alikuwa ndani ya shamba la mizabibu la Nedilja, yeye na wenzake tisa, wakifukua mizizi na kula machipukizi ya mwaka ule. Nedilja aliwatoa kwa gongo. Tisa walitoka wazima, mmoja alitoka akichechemea. Yeyote mwenye mzabibu angefanya hivyohivyo, na bonde lote la Vinodol linaishi kwa mizabibu.

Nywele zilimwangukia Nedilja mabegani. Hakuna mwanamume aliyewahi kuziona isipokuwa Grgur, na Grgur alikuwa kaburini mwaka wa tatu. Aligeuka kuutafuta ushungi wake. Alikuwa ameuona ukianguka miguuni pa Perva, mama yake Grgur, aliyesimama hatua tatu tu kutoka kwake, maji magotini, fungu la sufu mikononi. Alipofika pale hakukuta kitu.

"Uko wapi, mama?"

"Maji yameuchukua," alisema Perva bila kuinua macho.

Maji ya chemchemi ile hayana nguvu ya kuchukua hata jani la kabichi. Nedilja alimtazama mkwewe, akawatazama wanawake wengine mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliona ghafla kwamba sufu yake ilikuwa na uchafu wa ajabu uliohitaji kusuguliwa sana. Berislav alikwisha kuondoka, anapiga mluzi. Nedilja alibeba kikapu chake, akapanda mjini kichwa wazi, mchana kweupe, akapita mbele ya kanisa na mbele ya kinu. Wanaume waligeuza nyuso. Hasira ilikuwa imempanda mpaka hakuhisi uzito wa sufu mbichi.

Hapo nyumbani ndipo Perva alipopata sauti.

"Funika kichwa. Umepita mjini hivyo? Unataka mifupa ya mwanangu igeuke kaburini?"

"Nitafunika nikipewa ushungi wangu."

"Sandukuni kuna nyingine mbili."

"Nataka ule."

Perva alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga miaka arobaini. "Sikiliza, mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite. Yule ana bwana nyuma yake. Sisi tuna nani?"

"Kombe lipi, mama? Kilichofunuliwa ni kichwa changu!"

"Na Jurko je? Umemfikiria Jurko?"

Jurko alikuwa mtoto wa Perva aliyebaki, mtu mzima mwenye ndevu, mtunza farasi kule ngomeni. Alikula mkate wa Berislav na kulala juu ya majani ya Berislav. Kwa Perva, mlango wowote wa maneno ulifungwa na jina hilo. Nedilja alitoka, akapanda kwa Mzee Stanac kwenda kushtaki.

Stanac alikuwa mkuu wa wazee wa mji, na ndiye aliyekaa kitini siku za hukumu. Alikuwa na ndevu chache tu kidevuni siku watu wa bonde walipokusanyika kuapa sheria zao na kuziandika, na tangu siku ile hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alimsikiliza Nedilja akiwa anamenya maharage mabichi. Nywele zake wazi alijifanya hazioni.

"Amekana," alisema. "Nimemwona asubuhi hii, alikuja kabla yako. Anasema upepo."

"Upepo! Sufu ilikuwa inakauka bila kutikisika!"

"Mimi sikuwepo. Sheria inasema mwanamume asimvue mwanamke ushungi kwa nia mbaya, na akivua atalipa, na malipo yenyewe si madogo. Lakini akikana, mwanamke lazima aape kwenye Injili, na wanawake wenzake waape naye. Kumi na wawili, wewe ukiwa wa kwanza."

"Chemchemini tulikuwa zaidi ya ishirini."

"Basi huna shida," alisema mzee, na namna alivyosema ilionyesha kwamba shida aliiona vizuri sana. Aliweka kisu chini. "Jumapili, baada ya misa, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Vid. Na ujue, Nedilja. Ukishindwa kutimiza viapo, wewe ndiye mwongo. Mtu aliyeandikwa mwongo hashtaki tena wala hatoi ushahidi mpaka afe. Nguruwe wakirudi kwako, hata wakiwa mia, hutakuwa na mdomo wa kusema."

Nedilja alielewa. Mjane hana upanga wala kaka ngomeni. Ana neno lake tu. Mwenye kulipoteza hilo hupoteza shamba mzabibu mmoja mmoja, na majirani husema masikini, hakuwa na bahati.

Kesho yake alianza kupita mlango kwa mlango.

Alianza kwa Slava, mke wa mhunzi, kwa sababu Slava alikuwa shoga yake tangu utotoni na kwa sababu mtoto wa mwisho wa Slava alizaliwa mikononi mwa Nedilja. Slava alimfungulia mlango nusu.

"Shoga, kama ni lile jambo..."

"Ni lile jambo."

"Mimi sikuwepo."

"Slava! Tulikuwa tunakamua sufu moja! Wewe ncha hii, mimi ncha ile!"

"Nimemwambia mume wangu sikuwepo. Chuma chote anachofua kinatoka ngomeni. Sasa nikiapa kwamba nilikuwepo, si nitakuwa nimemdanganya?"

Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, kama mtu anayehofia dhambi. Nedilja alitaka kucheka, halafu akataka kuupiga teke ule mlango, na kwa kuwa vyote viwili havikufaa akaondoka bila kuaga.

Dumica, mwenye tanuri la mji, alimpa mkate. Alimsukumia mikononi, wa shayiri, wa moto, akasema, "Chukua, chukua, usilipe," na Nedilja alipouliza habari ya kiapo, Dumica alisema maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba yeye ana magoti mabaya, hawezi kusimama barazani muda mrefu. Nedilja aliurudisha mkate juu ya ubao. Mjane mwenzake, Bibi Krasna, alimwambia mwenye nguvu mpishe. Binti wa mwenye kinu alilia. Mke wa fundi mapipa alisema angeapa kwa moyo mweupe kama wengine wataapa kwanza. Wote wanne waliomfuata walisema hivyohivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Na katika kila nyumba Berislav alikuwa amekwisha kupita. Hakutisha mtu. Alisimama tu mlangoni akauliza habari za watoto, habari za ng'ombe, habari za ule ukuta wa shamba ambao hakika haujulikani umejengwa upande gani wa mpaka. Aliuliza kwa upole, na kila nyumba ilielewa.

Siku ya tatu Nedilja alimkuta Padri Kirin akipalilia kabichi nyuma ya kanisa, kanzu imefungwa kiunoni, miguu imejaa udongo. Mapadri wetu hulima kama sisi na husali misa kwa lugha yetu, na vitabu vyao vimeandikwa kwa herufi zetu wenyewe, zile za vitanzi na pembe. Kirin aliona kichwa kilicho wazi, akafanya ishara ya msalaba.

"Hujafunika bado?"

"Padri, wewe ni mtu wa Mungu. Waambie wanawake wako waseme kweli. Sema Jumapili, mimbarini."

Kirin aliegemea jembe. "Kanisa hili liko juu ya ardhi ya bwana, Nedilja."

"Na wewe pia!"

"Usinipigie kelele kwenye kabichi zangu."

"Nitakupigia wapi? Ndani siwezi kuingia, niko kichwa wazi!" Sauti ilimpasuka. "Miaka yote mnatuambia tusiseme uongo, tusiseme uongo. Leo mji mzima una uongo mmoja, mnaula kama mkate, na ninyi mnapalilia! La kuvunda halina ubani, padri. Ufukize upendavyo Jumapili."

Akageuka kuondoka. Kirin, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mwoga, jambo ambalo mara nyingi halina tofauti kubwa kwa anayeumia, alipiga jembe mara mbili masikio yakiwa mekundu. Kisha akatupa jembe.

"Ngoja. Ngoja, nimesema."

Aliingia kanisani, akatoka na nakala ya Sheria ya Bonde, iliyokaa sanduku moja na Injili. Alipitisha kidole chenye udongo juu ya mistari, akisoma kwa midomo, mpaka akafika alipotaka.

"Hapa. 'Na mwanamke asiyewapata wa kuapa naye, na aape mwenyewe mahali pa kila aliyepungua.'"

Nedilja alisogea. "Soma tena."

Alisoma tena. "Watu wameusahau mstari huu, sijausikia ukitumika. Na Berislav hawezi kuujua. Katoka ng'ambo ya mlima, anajua Kilatini cha kutia muhuri, herufi zetu anaziita nyayo za kuku." Alifunga kitabu haraka, kana kwamba mtu angeweza kukiona. "Lakini fikiri. Kila kiapo unatia roho yako mle ndani. Ukisema fulani aliona, na kumbe kweli alikuwa amegeuka, umeapa uongo kwenye Injili. Si mara moja. Mara kumi na mbili. Mimi nisingethubutu."

"Najua usingethubutu," alisema Nedilja.

Alishuka moja kwa moja chemchemini. Hapakuwa na mtu. Alisimama mahali palepale aliposimama siku ile, akafumba macho, akaipanga siku yote upya: nani jiwe gani, nani kikapu gani, nani alisema nini, nani alimeza mate. Hasira ina faida yake moja, haisahau. Aliwaacha wale ambao hakuwa na hakika nao. Mmoja alikuwa ameinama kweli, akamwacha. Mwingine alikuwa anamnyonyesha mtoto akitazama upande wa pili, akamwacha. Akabaki na kumi na moja ambao angeweza kuwaapia bila kutetemeka, na wa kumi na moja alikuwa Perva.

Usiku wa kuamkia Jumapili walikula supu ya kabichi. Kijiko cha Perva kiligonga bakuli zaidi ya kawaida.

"Nasikia hukumpata hata mmoja," alisema mwishowe.

"Nikuombe wewe?"

"Usiniombe."

"Basi sikuombi, mama. Kula."

Jumapili mji wote ulikuwepo. Misa Nedilja aliisikilizia nje, karibu na mlango, nywele zake zimesukwa mkia mmoja mzito. Watu walipotoka walipita mbele yake wakaenda kujipanga kuzunguka baraza ya kanisa, chini ya paa la mawe, ambapo wazee watatu walikaa na Stanac katikati. Juu ya meza ya jiwe iliwekwa Injili. Wanawake walisimama pamoja, kundi moja la vitambaa vyeupe, na wanaume wakasimama nyuma yao. Perva alikuwa mstari wa mbele, mikono imefichwa chini ya aproni.

Berislav alikuja mwisho, amevaa buti zake nzuri, anatafuna ubua wa shamari. Alimwinamia Stanac kidogo tu.

"Wako wapi wanawake wake?" aliuliza, akichungulia nyuma ya Nedilja kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. "Wale mashahidi ishirini? Au nao wamepeperushwa na upepo?"

Baadhi ya wanaume walicheka, kwa sababu alicheka yeye.

"Nedilja," alisema Stanac, "unao wa kuapa nawe?"

"Sina."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Niliwaomba wote. Kwa hiyo nitaapa mwenyewe mahali pao, kama sheria inavyosema."

Kelele zilizuka. Berislav alitema shamari yake. "Mchezo gani huu? Mtu mmoja atakuwaje watu kumi na wawili? Basi na mimi niape mara mia nikanushe, tumalize!"

Stanac aliinua mkono, akamwita padri. Kirin alitoka mbele akiwa na Sheria, bila kuthubutu kumtazama Berislav, lakini aliusoma mstari wote, kwa sauti, mpaka mwisho. Hilo aandikiwe.

"Ulikuwepo ulipoandikwa?" Berislav alimuuliza Stanac kwa kejeli.

"Nilikuwepo," alisema Stanac. "Tuliujadili toka asubuhi hadi adhuhuri. Kuna mtu alisema, siku moja mwanamke atasimama peke yake na wengine watakuwa wameogopa. Tukauweka. Endelea, binti yangu."

Nedilja aliweka kiganja juu ya Injili. Ngozi ya jalada ilikuwa baridi.

"Naapa kwa Injili hii takatifu kwamba Berislav aliuvua ushungi wangu kwa mkono wake wa kulia, kwa nia mbaya, na hapakuwa na upepo. Hicho changu."

Aliinua mkono, akaurudisha.

"Naapa mahali pa Slava, mke wa mhunzi. Alikuwa kushoto kwangu. Tulikuwa tunakamua sufu moja. Nilipovuliwa aliiachia ncha yake, ikaanguka majini, akasema, 'Nedilja, nywele zako.'"

Mhunzi aligeuka kumtazama mkewe. "Uliniambia hukuwepo," alisema, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kunong'ona, hata waliokuwa kwenye ngazi za ngome, ng'ambo ya uwanja, walisikia. Slava aliuvuta ushungi wake mpaka machoni.

"Naapa mahali pa Dumica wa tanuri. Alikuwa juu ya jiwe la kufulia, amesimama, magoti yake mazima kabisa. Alisema, 'Yesu wangu,' halafu akajiziba mdomo na mkono wenye povu."

"Naapa mahali pa Bibi Krasna. Alikuwa amekaa kwenye kikapu kilichopinduliwa. Berislav alimkanyaga upindo wa gauni akipita, na yeye ndiye aliyeomba radhi."

Hapo wanaume walicheka tena, safari hii si kwa ajili ya Berislav. Nedilja hakucheka. Sauti yake haikupanda wala haikushuka, lakini kila aliyemjua aliona mishipa ya shingo imemsimama. Alimwapia binti wa kinu. Alimwapia mke wa fundi mapipa, na wale wanne waliongoja wengine waanze, kila mmoja kwa jina lake, kwa jiwe lake, kwa neno alilosema au kulimeza. Hakumwongezea mtu kitu. Alimwambia mmoja wao, "Wewe ulilia, nilikuona, asante, lakini afadhali ungelia leo." Alimwapia mpwa wa padri, na Kirin akainamisha kichwa. Kundi la wanawake lilianza kuyumba kama kondoo waliosikia mbwa. Hakuna aliyesema, "Si kweli." Hapo ndipo Berislav alipoanza kuvuja jasho. Alitupa macho huku na huku akitafuta mdomo mmoja tu wa kumkanusha, na wale wote aliowafundisha kunyamaza walinyamaza vizuri mno.

"Kumi na moja," alisema Stanac, ambaye alikuwa akihesabu kwa maharage makavu mezani. "Taja wa mwisho."

Nedilja aliondoa mkono juu ya kitabu.

"Wa mwisho ni Perva, mama wa mume wangu. Alisimama karibu kuliko wote. Ushungi ulimwangukia miguuni." Alipumua. "Huyu simwapii."

Stanac aliegemea mbele.

"Nedilja, kiapo kikipungua kimoja, kesi imeanguka, na wewe utaandikwa mwongo. Taja hata mwingine. Mlikuwa zaidi ya ishirini."

"Wengine sina hakika nao, na uongo siapi. Huyu nina hakika naye. Lakini hawa nimewaapia kwa sababu ni watu baki. Huyu nakula naye bakuli moja. Mwanawe nilimzika kwa mikono yangu, naye alikuwa ameshika upande wa pili wa sanda. Kama kweli yake nayo niibebe mimi, basi na nianguke. Sitaki kushinda hivyo." Sasa sauti ilimtoka kwa kishindo. "Yuko pale! Ana mdomo! Na aseme mwenyewe, ama anyamaze mbele ya Mungu na mbele yangu, nijue nimeishi na nani!"

Perva hakusogea. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Kwenye ngazi za ngome, kati ya watumishi, Jurko alikuwa amesimama kofia mkononi, na kila mtu alimwona Perva akimtazama.

Berislav naye aliona. Angenyamaza wakati ule, angeshinda. Stanac alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kukusanya maharage yake. Lakini Berislav alikuwa mtu asiyeweza kushinda bila kusema.

"Mwacheni bibi wa watu," alisema, akitabasamu. "Perva ana akili kuliko mkwe wake. Anajua mkate unatoka wapi."

Perva aligeuza kichwa polepole.

"Unasemaje?"

"Nasema unajua mkate..."

"Mkate?" Alitoka mstarini. "Wewe unaniambia mimi habari za mkate? Mimi nimekanda mkate miaka arobaini, nimewalisha waliolima ngano yenyewe, nimemlisha hata babu wa bwana wako alipopita na farasi wake! Mwanangu anaamka kabla ya jogoo kuzoa mavi ya farasi wako, halafu mkate ni wako? Mkate anaupata kwa mgongo wake!" Alikuwa amefika mezani. Alikuwa mfupi kiasi kwamba Injili ilimfikia kifuani. "Nilifunga mdomo siku nane. Siku nane sikuonja ladha ya chakula. Na wewe unadhani ni kwa akili!"

Alitoa mikono chini ya aproni. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne.

"Nimeufua mara tatu," aliwaambia wazee. "Tope limetoka. Hapa kwenye pindo alipovuta pamechanika, sikupashona. Nilijua kuna mtu atataka kupaona." Akaweka kiganja kile cha kukandia unga juu ya Injili, kwa nguvu, mpaka maharage yakaruka. "Naapa. Aliuvua yeye, kwa mkono wa kulia, kwa nia mbaya. Niliuona, nikauokota, nikauficha. Mahali pangu mimi mwenyewe."

"Kumi na mbili," alisema Stanac.

Hukumu haikuchukua muda. Berislav alipatikana na hatia, akaamriwa kulipa kama sheria ilivyotaja, na kusimama mlangoni mwa kanisa Jumapili tatu bila kofia, yeye naye aone ilivyo. Aliondoka kabla Stanac hajamaliza sentensi. Jurko alishuka ngazi, kofia bado mkononi, hakurudi ngomeni siku ile, na kilichompata baadaye ni habari nyingine, si nzuri sana.

Perva hakungoja watu waondoke. Alimvuta Nedilja mkono, akamkalisha kwenye ukingo wa baraza kama mtoto, akamzungushia ushungi kichwani, akaingiza nywele ndani kwa vidole vigumu. Alikaza fundo mpaka Nedilja akauma meno.

"Umenitia aibu mbele ya mji mzima," alisema Perva.

"Wewe ulianza."

"Tutayasema nyumbani."

"Tutayasema."

Slava alikuja amejifuta machozi, akanyoosha mkono ili ainyooshe ncha ya ushungi iliyokuwa imejikunja begani mwa shoga yake. Perva aliupiga mkono ule kofi kabla haujafika.

"Wewe usijichoshe," alimwambia. "Umekwisha kuapiwa. Nenda nyumbani kapumzike."